Fyuzi ya Pasi

Fyuzi ya tano iliungua Jumatano mchana, spika zikiwa zimezimwa.

Hilo ndilo lililomkera Bi Mita. Zile nne za kwanza angeweza kuzitafutia sababu, maana fundi wa redio hakosi sababu: umeme umepanda, waya umechubuka, mende kaingia ndani akaiva. Lakini safari hii swichi ya nyuma ilikuwa imezimwa, kitaa chekundu hakiwaki, hakuna aliyezigusa, na bado fyuzi ndani ya plagi ilipasuka, pah, mbele ya macho ya shemeji yake.

Jina la Bi Mita alipewa kwa utani na mafundi wenzake, kwa sababu hakugusa kitu kabla ya kukipima. Wenzake walikuwa mabingwa wa kuzungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Mteja anaondoka anacheka, wiki ya pili nyumba inanuka moshi. Yeye alikuwa mgumu kama kisigino. Angekuacha ukae kimya mwezi mzima kuliko akuwekee fyuzi isiyo na kipimo chako.

Alipiga magoti sakafuni sebuleni kwa shemeji yake, akaifungua plagi kwa bisibisi, akaitoa fyuzi. Kigae chake cheupe kilikuwa na ufa, na ncha zake nyeusi. Akapima waya. Mzima. Akafungua spika yenyewe, ile yenye amplifaya tumboni, akapima huku na huku. Nzima. Akaweka fyuzi mpya ya ampia tatu, akaiwasha, akasoma mita: spika zote mbili zilikuwa zinakula umeme kidogo kuliko taa ya kusomea. Akaizima, akaiacha imechomekwa.

"Shemeji, hizi hazina ugonjwa," alisema.

"Sasa kama hazina ugonjwa, si uweke ile kubwa yaishe?" Shemeji yake alikuwa mpaka rangi wa nyumba, na vidole vyake havikuwahi kutakata. Tangu mkewe afariki, miezi miwili sasa, alikuwa amekonda mpaka mkanda ulimzunguka mara mbili. "Ile ya kumi na tatu. Mbona zote zina kimo kimoja? Inaingia hiyo."

"Kuingia inaingia. Hiyo ni ya pasi na birika, shemeji, vitu vinavyokula umeme kama mchwa. Ukiiweka hapa, siku kitu kikivuta umeme kupita kiasi, fyuzi itakaa inatazama tu, na kitakachoungua ni waya, na baada ya waya ni nyumba. Fyuzi ndogo inakufa ili wewe usife."

"Lakini umesema hakuna kinachovuta."

Hapo alimweza. Bi Mita alikusanya vifaa vyake.

Mtoto alikuwa amekaa katikati ya zile spika mbili, mgongo ukutani, kichwa kimeegemea ya kushoto. Alikuwa na miaka saba. Walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa akimsemesha paka, akimsemesha sufuria, akijisemesha mwenyewe akikosa mtu. Siku hiyo Bi Mita alikuwa mle ndani kwa saa nzima na mtoto hakuwa ametamka hata salamu. Sahani yake ya wali ilikuwa pembeni, haijaguswa, ukoko umekauka.

Bi Mita alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na nje jua lilikuwa linapasua mawe.

"Chiriku, mwanangu, mbona huli?"

Mtoto alitazama mlango kwanza, kuona kama baba yake ameingia jikoni. Kisha akanong'ona, "Mama mdogo, usiweke tena hizo zinazokatika."

"Kwa nini?"

"Mama anakuwa hajamaliza kusema."

Marehemu alikuwa dada wa Bi Mita, tumbo moja, yeye ndiye aliyemfumba macho wodini. "Anasema nini?" aliuliza, na mara hiyo akajuta kuuliza.

"Anasema, 'Mwanangu, njoo ufu...' halafu inapasuka. Kila siku. Nafikiri anataka nimfungulie mlango."

Angeweza kumkemea. Angeweza kusema mambo ambayo watu wazima huwaambia watoto, kwamba waliokufa wamepumzika. Badala yake alikaa chini pale pale kando ya mtoto, akangoja, kwa sababu alikuwa fundi, na hitilafu inayojirudia unaisubiri.

Haikuchukua muda. Kitaa chekundu kilikuwa kimezimwa, lakini mvumo ulianza, mwembamba, ule mvumo ambao kila amplifaya huwa nao, isipokuwa huu ulikuwa unapanda na kushuka. Ulikuwa unapumua. Kisha ikaja harufu, na harufu hiyo ndiyo iliyomkata maini, maana haikuwa ya moshi wala ya plastiki iliyoungua. Ilikuwa harufu ya dawa ya kupigia deki wodini, na chini yake mafuta ya nywele ya dada yake, yale yale, yaliyokuwa yamebaki nusu chupa na yeye mwenyewe akayatupa.

"Mwanangu," ilisema spika ya kushoto, taratibu, kwa sauti ya dada aliyekua naye chumba kimoja, "njoo ufu..."

Pah.

Kimya. Bi Mita aligundua kwamba analia. Alimpenda dada yake kuliko alivyowahi kumwambia, na kwa dakika nzima, fundi yule mgumu, mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba ukitafuta fyuzi kubwa. Aliishika kabisa. Kisha akamwona mtoto, midomo imepauka, macho yameng'ang'ania kile kitambaa cheusi cha spika, na akaiachia.

Alimwita shemeji yake nje, uani.

"Umewahi kuisikia?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

Mpaka rangi aliangalia viatu vyake. "Tangu fyuzi ya pili."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia ungezichukua."

"Nazichukua sasa hivi."

"Shemeji, nakuomba." Alimshika mkono wa gauni kama mtoto. "Nipe leo tu, nimwandae Chiriku. Sitazichomeka. Kesho saa saba uje na toroli, uzibebe. Ukizitoa leo bila kumwandaa, huyu atakufa kwa kilio."

"Ile si dada, shemeji."

"Najua."

"Unajua kweli?"

"Najua, shemeji. Sitazichomeka."

Waliporudi ndani, alichomoa plagi kwa mkono wake, akaukunja waya, akauweka juu ya kabati. Bi Mita alimwamini kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu alitaka kumwamini. Huo ulikuwa ujinga, na alikuja kujiambia hivyo mara nyingi.

Alhamisi alifika mapema, kabla ya saa saba. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Alipiga hodi, hakuna aliyeitika. Jikoni, juu ya meza ya kupigia pasi, kulikuwa na shati la sare ya shule lililonyooshwa upande mmoja tu, na pasi imesimama kwa kisigino chake, na waya wake umelala mezani na plagi imefunguliwa kifuniko, na skrubu yake imewekwa vizuri ndani ya kisosi ili isipotee. Mahali pa fyuzi palikuwa patupu.

Alikimbilia sebuleni.

Harufu ya dawa ya wodi ilimpokea mlangoni kwa nguvu mpaka akakohoa, na ndani ya harufu hiyo alimwona shemeji yake amepiga magoti, kiganja kimelala juu ya spika ya kushoto kama mtu anayempima mgonjwa homa, machozi yanamtiririka, anatabasamu, na waya uliotoka ukutani ulikuwa umelegea na kung'aa kama mnyoo, unafuka, sakafu chini yake imeanza kubadilika rangi, na katikati ya spika mbili Chiriku amelala chali, ngozi yake ya kijivu, na kifua chake kinapanda mvumo ukipanda na kushuka mvumo ukishuka, hakitangulii wala hakichelewi.

"Sasa anamaliza, shemeji," mpaka rangi alinong'ona. "Sikiliza. Sasa anasema mpaka mwisho."

Na kweli ilikuwa inasema mpaka mwisho. Ilikuwa inarudia, kwa upole, kwa ile sauti, bila kuchoka.

"Mwanangu, njoo ufungue mdomo, niingie. Mwanangu, njoo ufungue mdomo, niingie."

Mdomo wa mtoto ulikuwa umeanza kufunguka.

Bi Mita alirukia ukutani akaichomoa plagi. Ilimuunguza vidole. Akageuka, akitegemea kimya, kama ambavyo kila kitu alichowahi kukichomoa maishani kilinyamaza. Mvumo haukupungua hata kidogo. Ulikuwa umeshakula vya kutosha. Ulikuwa na akiba.

"Mdogo wangu," ilisema spika ya kulia, "mbona una haraka?"

Mikono ya fundi ina akili zake, na mikono yake ilikuwa tayari imeshika bisibisi, na wakati kichwa chake kinapiga kelele, mikono ilikuwa inafungua plagi, na ndipo akaelewa kile alichokuwa anakitazama tangu Jumatano bila kukiona: kuichomoa hakulidhuru hili jini, kilicholikata kila mara ni fyuzi ndogo, ikipasuka wakati lenyewe liko njiani, limevuta kwa nguvu, limejaa kwenye waya, na mara njia inafungwa, kwa hiyo lilipaswa kurudishwa njiani, lilipaswa kuvuta tena, livute kuliko lilivyowahi kuvuta, na kwa hilo lazima lipate kitu cha kulitia tamaa.

Akaing'oa fyuzi ya pasi. Iliruka ikaanguka chini ya kochi. Akasukuma ya ampia tatu mahali pake, akabana kifuniko kwa kiganja bila skrubu, akaichomeka ukutani.

"Dada," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba. "Mwache mtoto. Huyu mdogo, hatakutosha. Njoo kwangu."

Mvumo ulitulia kidogo, ukisikiliza.

"Mimi ndiye niliyekufumba macho," alisema Bi Mita, na sasa alikuwa analia kweli, kwa sababu kila neno lilikuwa la ukweli hata kama linasemwa kwa hila, na katika kusema akajua kwamba sehemu yake moja haikuwa na hila yoyote, sehemu hiyo ilikuwa inataka dada yake aje, kwa njia yoyote, kwa sura yoyote. "Nimekukosa. Nakukosa kila asubuhi. Njoo, mdomo wangu huu hapa."

Akafungua mdomo.

Mvumo ulipanda mpaka vioo vya dirisha vikaanza kutetemeka, mpaka meno yakamuuma kwenye mizizi, vitambaa vya spika vikavimba kuelekea kwake kama mashavu ya mtu anayepuliza, upepo wa dawa ya wodi ukamgusa ulimi, baridi, mchungu, na ukutani, ndani ya plagi, kitu kidogo kisichozidi pingili ya kidole cha mwisho kikafanya kazi yake.

Pah.

Harufu ilikatika. Vitambaa vikalala. Huko nje gari lilipita, mtu akamwita mtu mwingine, na ilikuwa mchana wa kawaida kabisa.

Chiriku alikohoa. Akakohoa tena, akavuta pumzi moja ndefu iliyokuwa yake mwenyewe, rangi ikamrudi mashavuni, akaanza kulia kwa hasira kama mtoto aliyeamshwa. Bi Mita alimnyanyua, akambana kifuani, akahisi ule moyo mdogo unapiga mbio. Mikono ya mtoto ilikuwa ya moto. Hakuna kilio kilichowahi kumfurahisha namna ile.

"Ameondoka, shemeji," alisema, akicheka na kulia. "Tumemtoa. Mungu wangu, tumemtoa. Shemeji?"

Mpaka rangi alikuwa bado amepiga magoti. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya spika ya kushoto, hakikuwa kimetoka pale hata mara moja. Na mdomo wake ulikuwa wazi, wazi sana, kama wa mtu aliye mbele ya daktari wa meno, na Bi Mita hakuweza kukumbuka ameufungua saa ngapi. Alikuwa amemwangalia mtoto, ameangalia waya, ameangalia plagi. Macho yake hayakuwa yamemgusa shemeji yake.

Mdomo ulijifunga taratibu. Koo lilimeza.

Alisimama, akafuta vumbi magotini kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mwanamke anayenyoosha gauni. Alizunguka kochi akaenda kusimama mlangoni. Kisha akatabasamu, na kulikuwa na harufu ya mafuta ya nywele.

"Ahsante, mdogo wangu," alisema, kwa sauti ya marehemu. "Huyu hana fyuzi ya kunikata. Sasa nipe mwanangu."

Bi Mita alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mtoto kifuani pake aliacha kulia, akageuza kichwa kutazama.

"Mama," alisema Chiriku, akanyoosha mikono.