Wiki Sita Baada ya Uhuru

Kila asubuhi Adila alifagia uani, akanywa chai na kitumbua kimoja, kisha akamsubiri Dija njiani waende shule. Wote walisoma darasa la sita mjini Bagamoyo. Adila alikuwa Mkwere. Baba yake Dija alikuwa Mnyamwezi aliyehamia kutoka bara. Basi wasichana hao walikuwa watani.

"Mkwere, leo umefagia au umelalia ufagio?" Dija aliuliza, huku akimpokea bango la kazi yao ya darasani asichoke.

"Beba tu, Mnyamwezi. Ndiyo kazi yenu!"

Adila alicheka, lakini si sana. Juma lililopita Dija alimwambia anaitwa ofisini. Akakimbia mbio, kumbe hakuitwa na mtu. Darasa zima likamcheka.

Leo hii wao wawili na mwenzao Najim wangeeleza maisha ya Mwalimu Nyerere mbele ya mwalimu wao wa darasa, Mwalimu Ummy. Kundi bora lingekwenda kwenye mashindano ya kata, na Adila alitamani sana kuwa msemaji huko. Yeye aliandika habari za Butiama na ualimu wa Pugu, Najim akachora, Dija akaandika habari za uongozi.

Walipofika darasani, Dija alitoka kumfunga kamba za viatu mtoto wa darasa la kwanza. Adila akasoma sehemu ya Dija: "Wiki sita baada ya uhuru, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu ili akiimarishe chama. Mwisho wa mwaka 1962 akawa Rais."

"Najim, hebu soma hapa."

"Wiki sita tu? Aache ukubwa kwa hiari yake?"

"Ni utani wa Dija huo. Anataka tuchekwe tena."

"Si umuulize?"

"Nikimuuliza ataongeza uongo mwingine."

Adila alichukua picha ya bendera aliyoichora Najim akaibandika juu ya mistari ile. Dija aliporudi akashangaa. "Mbona maneno yangu yamefunikwa?"

"Mwalimu Ummy kasema tuweke bendera," Adila alidanganya.

Dija aliitazama bendera, akaenda kukaa. Hata hilo Adila alilitilia shaka.

Zamu yao ilipofika, Adila alisoma vizuri sana. Mwalimu Ummy akauliza, "Baada ya uhuru, Nyerere aliendelea kuwa waziri mkuu mpaka lini?"

"Mpaka alipokuwa Rais, mwalimu," Adila akajibu.

"Sivyo. Alijiuzulu Januari 1962. Dija, kitabu changu umekaa nacho wiki nzima. Hukuliona hilo?"

Dija aliinamisha kichwa. Hakutaka kumwaibisha mwenzake mbele ya watu. "Labda nilisahau, mwalimu."

Maneno hayo yalimchoma Adila. Alilisogelea bango, akaibandua bendera. Gundi ilikuwa bado mbichi, na maandishi ya Dija yakaonekana.

"Hakusahau," alisema. "Niliyafunika mimi. Nilidhani ananitania. Kisha nikamwambia wewe ndiye uliyeagiza. Nisamehe, Dija."

"Nimekusamehe," Dija alijibu, akampa leso yake afute machozi.

Mwalimu Ummy alilisoma bango lote tena. "Kazi hii ndiyo bora, mtakwenda nayo kwenye kata. Lakini msemaji ni Dija. Wewe Adila utashika bango."

Adila alilichukua bango. "Sawa, mwalimu."

"Sikilizeni," mwalimu alisema kwa upole. "Mtani akutanie mchana kutwa, hakuna ubaya. Akikupa kazi ya kweli, ipime kama kazi ya mtu yeyote. Kitabu kilikuwa ndani ya mkoba wake, Adila. Ungemuuliza tu, 'Umesoma wapi?', angekuonyesha. Na wewe Dija, ukimkimbiza mwenzako ofisini bure, unamfundisha kutokukuamini. Haya, kaeni pamoja mkisome hicho kitabu. Shaka ikiwaingia, fungueni kitabu kabla ya kufunika maneno ya mwenzenu."