Umande Juu ya Kilimia

Siku msimu wa pamba ulipofunguliwa, uwanja wa mizani nyuma ya soko la Bariadi ulijaa tangu asubuhi. Mikokoteni ya ng'ombe ilipanga foleni hadi barabarani. Wanunuzi binafsi, ambao huo ulikuwa mwaka wao wa pili tangu waruhusiwe, waliwaita wakulima kwa vipaza sauti kama watu wanaouza dawa ya panya. Katikati ya vumbi hilo, Nathanael, aliyekuja na kamera yake kutafuta wateja, alimwona msichana akitafuna pamba.

Alivaa gauni la kijani lenye maua madogo meupe, na kichwani alifunga kitambaa cha rangi hiyohiyo. Alikuwa akitia mkono ndani ya gunia, anachomoa pamba, anatoa mbegu moja, anaiuma, kisha anainamisha kichwa kidogo.

"Dada, njaa imekushika hivyo?" Nathanael alimwuliza. "Mama ntilie yuko pale tu."

"Nasikiliza, kaka," alijibu bila kugeuka. "Mbegu ya pamba kavu inalia ukiiuma. Ya pamba yenye maji inanyamaza."

"Na hiyo inasemaje?"

"Inasema umenizibia mwanga."

Nathanael alicheka, akasogea. Msichana naye alitabasamu, ila alitabasamia gunia. Alichovya brashi kwenye kopo la rangi ya bluu, akalichora gunia mstari mmoja mnene. Huo mstari ulikuwa na maana moja: pamba hii ni kavu. Jina lake Benedikta, mhitimu wa chuo cha kilimo, na mnunuzi mmoja aitwaye Joakim alikuwa amemwajiri kukagua pamba.

"Naomba pamba kidogo," Nathanael alisema. "Nataka kuivalisha lenzi yangu. Inasikia baridi."

Safari hii Benedikta aligeuka, akamtazama kuanzia viatu vyenye vumbi hadi koti la jinzi lililopauka.

"Lenzi yako inaumwa malaria?"

"Twende kwenye kivuli nikueleze."

Akamweleza. Baba yake, mzee Ngeleja, alikuwa amerudishwa kutoka hospitalini. Daktari alisema wakae naye nyumbani. Miaka yote mzee alilima kwa kutazama Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana. Mwezi huu Kilimia kilikuwa kimerudi upande wa mashariki kabla ya mapambazuko, lakini mzee hakuweza tena kuinuka kitandani, na dirisha lake lilitazama magharibi. Alikuwa amemwambia mwanawe, "Wewe unapiga picha za watu wote wa mji huu. Nipigie Kilimia nikione kabla sijaondoka."

"Nimejaribu mara mbili," Nathanael alisema. "Alfajiri kioo cha lenzi kinapoa kuliko hewa, umande unatua juu yake. Mara ya kwanza niliufuta kwa shati, nikakipaka mafuta ya jasho. Mara ya pili nilikitengenezea mdomo wa karatasi ngumu, kama pembe. Ulisaidia kidogo tu. Lazima lenzi ikae na joto, si kali, joto la mkono tu."

Benedikta alifikiri. "Soksi ya mchanga uliopashwa moto. Izungushie. Halafu juu yake pamba, joto lisikimbie."

"Ndiyo maana nimekuja kwa daktari."

"Daktari hatibu siku hiyo hiyo," alisema. "Nitakushonea mkono mzuri wa kitambaa, kama wa shati, wa kuivalisha. Nipe vipimo vya mgonjwa."

Kwa siku tano mapenzi yao yaliishi kwenye simu. Nathanael alikwenda posta saa nne asubuhi, akapiga ofisi ya mnunuzi, na kila mara Joakim ndiye aliyepokea.

"Mpiga picha, hii ni simu ya pamba."

"Nauliza habari za pamba, bosi. Ile yenye gauni la kijani."

Ndipo iliposikika sauti ya Benedikta, ya chini, kama mtu anayezungumza kanisani. "Wewe utanifukuzisha kazi."

"Umekula, mpenzi?"

"Usiniite hivyo, spika ya simu hii inapiga kelele. Nimekula. Mzee ameamkaje?"

"Anauliza kila asubuhi kama nimekipata. Namjibu kesho."

"Basi na iwe kesho kweli. Mkono umekwisha, bado kujaza pamba tu. Njoo jioni."

Jioni hiyo ghala lilikuwa na giza na malori yalikuwa yakipakia. Benedikta alichota pamba kwenye gunia lililokuwa karibu na mlango, akaliangalia ubavuni: mstari wa bluu, aliouchora mwenyewe. Hakuuma mbegu. Akajaza, akashona mdomo wa kile kitambaa haraka, akamkabidhi Nathanael kwa mikono miwili.

"Usikipumulie kioo," alimwambia. "Pumua pembeni."

"Nitapumua nikirudi kwako."

Saa kumi na moja alfajiri Nathanael alikuwa juu ya jiwe nje ya mji, ambako bonde la mpunga linaanza. Mwezi ulikuwa umezama. Majani yalilowesha suruali yake hadi magotini. Alifanya kila kitu kama walivyopanga: alipasha mchanga kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, akajaza soksi, akaifunga kwenye lenzi, akaivalisha ule mkono wa pamba, akaweka mdomo wa karatasi mbele. Alipumua pembeni. Kilimia kilikuwa kimesimama wazi juu ya vilima, na alipofungua kamera na kuhesabu sekunde ishirini, moyo ulimwambia leo kimepatikana. Alipiga mara sita. Upande wa mashariki ulipoanza kupauka aliwasha tochi kuangalia lenzi.

Ilikuwa nyeupe tupu. Haikuwa na matone, ilikuwa na ukungu, kama mfuniko wa sufuria ya ugali. Alishika ile pamba. Ilikuwa na joto, na ilikuwa imelowa.

Alikwenda moja kwa moja studio, akasafisha mkanda, akachapa picha moja akiwa bado na viatu vyenye matope. Palipotakiwa kuwa na nyota palikuwa na doa la weupe hafifu. Aliitupa kwenye droo, akaenda nyumbani.

Mzee Ngeleja alikuwa amelala ubavu, shuka limefika kidevuni. "Umekipata?"

"Bado, baba. Kimeharibika."

"Nionyeshe hicho kilichoharibika."

"Hakifai, baba. Kesho nitakuletea kizuri."

Mzee alifumba macho. "Haya. Kesho."

Mchana Benedikta alifika studio akikimbia, kitambaa cha kichwani kimelegea, uso umejaa furaha. "Umekipata?"

Nathanael alimsukumia ule mkono wa pamba juu ya meza. Benedikta aliugusa, furaha ikamtoka. Alifumua mshono kwa kidole, akatoa mbegu, akaiuma. Haikulia.

"Nathanael, sikiliza..."

"Imenyunyiziwa maji. Si ndiyo? Ili ipate uzito. Nikaizungushia mchanga wa moto, ikawa inachemka taratibu mbele ya kioo changu."

"Gunia lilikuwa na mstari."

"Mstari wa nani?"

Angeweza kusema hajui. Alitazama sakafu, akasema kweli. "Wangu. Juzi Joakim alileta magunia yaliyolowa, akaniambia niyachore yote, la sivyo niache kazi. Nikayachora. Jana kulikuwa na giza, nikaona mstari, nikauamini."

"Uliuamini uongo wako mwenyewe."

"Ndiyo."

"Baba yangu anangoja kitu kimoja tu, Benedikta. Kimoja."

"Nitakushonea mwingine leo. Nitauma mbegu zote, moja moja..."

"Toka," alisema, na hakupandisha sauti. "Nenda ukachore magunia."

Saa kumi jioni siku hiyo, mzee Ngeleja alifariki.

Kwenye mazishi Benedikta alisimama nyuma kabisa pamoja na wanakwaya, amejifunga khanga nyeusi. Nathanael alimwona na akageuza uso. Wiki ikapita, na nyingine. Alifungua studio, akapiga picha za vitambulisho, akawaambia watu wainue kidevu, wasifumbe macho. Usiku hakutazama juu. Simu ya posta aliipita kama mtu anayepita nyumba aliyofukuzwa.

Mwisho wa mwezi mama yake, Nyanjige, alikuja studio kuchukua picha ya marehemu ya kuweka ukutani. Aliketi kwenye benchi la wateja na fimbo yake.

"Wabeja, asante mwanangu. Fungua hata droo zote, nataka ile aliyovaa kofia."

Nathanael alifungua droo. Mama akainama, akapekua, akatoa picha moja, akaiweka mbali na macho, kisha karibu.

"Kumbe ulikipata."

"Nini, mayu?"

"Kilimia. Si hiki hapa?"

"Hicho ni ukungu, mayu. Picha imeharibika."

"Imeharibika wapi?" Nyanjige alishangaa. "Kwa macho yetu sisi wazee ndivyo kilivyo. Kaukungu kadogo. Baba yako miaka kumi hii alikuwa anakiona hivihivi, ananiambia, tazama, wameketi pamoja kama moshi wa jiko moja." Alipitisha kidole juu ya lile doa. "Angekijua mara moja. Kwa nini hukumwonyesha?"

Nathanael alishika ukingo wa meza. Alisikia sauti ya baba yake: nionyeshe hicho kilichoharibika. Picha ilikuwa tayari. Ilikuwa kwenye droo, hatua mia mbili kutoka kitandani, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni.

Mama alimwacha alie. Alipomaliza, alimwuliza, "Na yule binti wa kwaya aliyefua shuka zote za msiba bila kuambiwa, ni wa nani?"

Alikwenda posta mbio, akapiga ofisi ya mnunuzi.

"Benedikta?" Joakim alicheka kwa uchungu. "Aliacha siku mlipozika. Aliniwekea brashi mezani. Yuko Migato kwa mama yake, na mimi sina mkaguzi."

Aliendesha baiskeli njia nzima ya Migato, picha ikiwa ndani ya koti. Alimkuta Benedikta uani, miguu peku, anachambua pamba juu ya jamvi. Alikuwa amekonda. Alipomwona hakusimama.

"Mwadila," Nathanael alimsalimia.

"Mwadila. Umekuja kunitukana tena? Kaa kwanza, jua ni kali."

Alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, akampa picha na kumweleza kila neno la mama yake. Benedikta alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia.

"Kwa hiyo si pamba yangu," alisema polepole.

"Pamba yako ilinipotezea picha nzuri. Baba nilimnyima mimi. Niliona aibu kumwonyesha kazi mbovu, halafu aibu hiyo nikakubebesha wewe. Nisamehe, mpenzi. Usiponisamehe pia ni haki yako."

"Mimi nilichora yale magunia. Hilo bado ni langu."

"Uliniambia kweli siku ileile. Mimi imenichukua mwezi."

Kuku walipita kati yao. Benedikta aliingia ndani, akatoka na mkono mpya wa kitambaa, wa kijani, wenye maua madogo meupe.

"Umekata gauni lako," Nathanael alisema.

"Nilishona baada ya mazishi. Mara mbili nilifika hadi mlangoni pa studio yako, nikarudi. Pamba ni ya shamba la mama, imeanikwa siku nne." Alichomoa mbegu moja kwenye jamvi, akamwekea mdomoni. "Uma."

Mbegu ililia, wazi, kama kijiti kinachovunjika.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Benedikta, nataka nikuoe."

Aliinamisha kichwa, kama siku ile uwanjani, akasikiliza kitu ambacho Nathanael hakukisikia. Machozi yalimdondokea kwenye pamba, naye akaisogeza pembeni haraka isilowe.

"Njoo Jumapili na mayu wako," alisema. "Uzungumze na wakubwa. Mimi nimekubali tangu siku za simu."

Alirudi mjini jua likizama, mkono wa kijani umefungwa kwenye usukani. Njia nzima alikuwa akipanga maneno: ataanza na safari, kisha mbegu, kisha jibu, mzee atataka kujua ni binti wa ukoo gani. Aliegemeza baiskeli ukutani, akasukuma mlango wa chumba chenye dirisha la magharibi.

"Mwadila, baba," alisema, akitabasamu.

Ndipo alipokumbuka: kitanda kilikuwa kimeshatolewa. Sakafuni zilibaki alama nne za miguu ya kitanda, na juu yake mwanga wa mwisho wa jua.