Maji ya Njano

Mguu wa mdogo wake Komandoo ulikuwa unaoza. Risasi ilishatolewa, lakini vijidudu vya kidonda vilishazoea kila dawa ya hospitali.

Komandoo na genge lake walipanga kazi ya wizi chumba cha nyuma. Mgonjwa alilala nyuma ya pazia, harufu yake imekaa nao mezani.

"Maabara ninakoosha vyombo kuna maji ya njano," alisema shemeji, mke wa mgonjwa. "Yana chembe za madini ya fedha, jicho halizioni. Zinatoboa ngozi ya kijidudu. Sungura wamepona."

"Na mtu?" Komandoo aliuliza.

"Mtu bado."

"Basi ataanza mumeo." Akaingia nyuma ya pazia. Dereva alikuwa nje akibandika namba bandia.

Shemeji alibaki na Msumari, fundi wa kufuli, ambaye angebeba chupa. "Isiguse barafu. Ikiganda, chembe zinashikana. Inakuwa takataka."

Saa saba na nusu mchana. Msumari alitoka maabara na chupa kifuani. Mlinzi alimwona. Komandoo alimlaza mlinzi kwa risasi, lakini risasi ya mlinzi ilishaingia tumboni mwa Msumari. Alijikokota hadi kwenye gari, akapitisha chupa dirishani, akashika mlango wa kushoto.

"Kaka, ngoja nikwambie..."

"Ondoa gari," Komandoo alisema.

"Bosi, huyu ni Msumari."

"Kwani mimi simjui? Ondoa."

Vidole vya Msumari viliachia mlango gari lilipokata kona.

Walijificha gereji. Dereva aliwahi kuiba chanjo. "Dawa ya maana inataka baridi," alisema, akaifukia chupa kwenye barafu iliyotiwa chumvi, kama ya wauza samaki. Komandoo akamsifu. Kisha Dereva akalalamika kuwa mlango wa kushoto umekuwa mzito, kama kuna mtu anauvuta.

Saa kumi na mbili jioni walirudi chumba cha nyuma. Chupa iliyoganda ilipoyeyuka, maji yalikuwa ya kijivu, masizi yametuama chini.

"Msumari yuko wapi?" shemeji aliuliza.

"Kabaki."

"Nilimwambia yeye."

Komandoo alimimina hivyo hivyo kwenye kidonda. Mdogo wake akafumbua macho. "Kaka, mkaribishe basi. Mbona mmemwacha mlangoni?"

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Mdogo wake alikufa siku ya tatu. Mlinzi alikuwa na mke na mabinti wawili. Msumari alikutwa kwenye lami, amekata roho. Maabara haikuwa na chupa nyingine. Shemeji alihama na wanawe bila kuaga.