Fungu la Léa

Gauni lile Sylvain hakulichora.

Alifungua kompyuta asubuhi katika taasisi ya sanaa, alikokuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uchoraji wa michezo ya video, na kiumbe wake alikuwa pale pale alipomwacha jana: msichana mdogo wa mti, macho makubwa, mikono imebana tumbo. Ila jana hakuwa na nguo. Leo alikuwa amevaa gauni la kitenge cha kijani chenye ndege weupe.

"Guelord," alimwita rafiki yake wa meza ya pili, "ni weye uligusa projet yangu?"

"Mi? Hata code yako siiyue. Juu ya nini?"

"Haiko kitu."

Guelord akanyoosha shingo kuangalia. "Eh! Kanguo kazuri. Umeacha masomo, umekuwa fundi wa nguo wa Kamalondo?"

Sylvain akacheka kidogo, akalifuta gauni, akaendelea na kazi.

Mchana aliporudi nyumbani, mtaa wa Kamalondo, alimkuta dada yake Deborah amesimama uani, anazungukazunguka mbele ya mama yao. Gauni jipya, kijani, ndege weupe.

"Nilimaliza kulishona jana magaribi," akasema Mama Wivine akiwa na furaha. "Yote mbili."

Sylvain hakuuliza ya pili ni ya nani. Alijua. Kupitia mlango alikiona kisanamu juu ya kabati, chini ya msalaba, kimevaa kigauni cha kitenge kile kile.

Deborah alizaliwa pacha. Mwenzake, Léa, alikufa kabla ya kuota meno. Kwa desturi ya wazee wao, waliotoka kaskazini ya Katanga kufuata kazi ya reli, pacha aliyekufa haachwi peke yake. Kwa hiyo bibi yao, Nkambo Julienne, aliagiza achongewe mwili mwingine kwa mti wa mulombwa, mti ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Walikuwa Wakatoliki, hawakukosa misa, na hawakuona ubaya wowote. Deborah akinunuliwa nguo, Léa alishonewa. Deborah akipakwa mafuta, Léa alipakwa. Na kila chakula, Mama Wivine alikata matonge mawili ya bukari, ugali wa kwao, na kusema, "Hii ya Deborah. Hii ya Léa."

Alipoanza mchezo wake, Sylvain alikuwa amengojea mama yake aende sokoni, akakishusha kisanamu, akakivua nguo na kukipiga picha kila upande. Kompyuta iliziunganisha picha zile ikatoa umbo. Yeye akaliongezea meno. Katika mchezo wake, mchimbaji wa madini hukimbia ndani ya mashimo na msichana wa mti humzibia njia. Mchimbaji humpiga sepeto kichwani. Msichana hulia, huanguka, kisha huinuka tena kwenye shimo linalofuata ili apigwe tena. Sylvain alimpa mchimbaji sura yake mwenyewe, maana hakuwa na sura nyingine ya bure. Na kilio alimwomba Deborah akilie ndani ya simu.

Deborah alikubali mara moja. Aliona kwamba na yeye ameingia kidogo katika masomo. Ya kwake yalikatika baba yao alipokufa. Nyumba isingeweza kusomesha wawili, wakamchagua mvulana. Siku ile Sylvain alimwambia, "Nikimaliza, nitakurudisha shule." Deborah aliliweka neno lile moyoni kama mtu anavyoweka mbegu.

Wanafunzi walipoanza kuujaribu mchezo, waliupenda sana. Mchana kutwa walipokezana. "Mupige!" walipiga kelele. "Mupige tena, anaamuka!" Guelord aliomba nakala kwenye simu yake, na Sylvain akampa. Kila asubuhi gauni la kijani lilikuwa limerudi, na Sylvain akachoka kulifuta. Akaliacha.

Siku hizo hizo Deborah alianza kuanguka. Alikuwa anafua au anachambua mboga, mara anashika kichwa, analala chini. Kwenye paji la uso ukatokea uvimbe, kisha ngozi ikapasuka.

"Yaya," alimwita kaka yake kwa sauti ndogo, mama yao asisikie, "ile kilio nililiaka ndani ya telefone yako, uliipeleka wapi?"

"Kwa mchezo. Juu ya nini?"

"Ninaisikiaka. Ninaisikia hapa, kama iko nyuma ya kabati. Ikilia tu, njo ninapigwa."

"Uko na malaria, Deborah."

"Malaria haipigake bantu na sepeto."

Sylvain hakuwahi kumweleza habari ya sepeto.

Nkambo Julienne akaitwa kutoka mtaa wa Kampemba. Alikuwa mama mfupi wa maneno machache, na yeye ndiye aliyejua nyimbo za mapacha, mapasa kwa lugha yao. Hakumshika Deborah kwanza, alishusha kisanamu. Kichwa kilikuwa na ufa pale pale alipoumia Deborah, na katika ufa ule, kwenye mti mkavu wa miaka yote hiyo, utomvu mwekundu ulikuwa unatoka, na nyumba nzima ilinuka mulombwa uliokatwa sasa hivi.

"Nani anamupiga huyu mutoto?" akauliza.

Sylvain akaeleza yote. Mama Wivine akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mapasa habapewe kimoja," akasema Nkambo. "Weye unamupa Léa sepeto, na Deborah anapata fungu lake. Siku moja atapewa kidonda yenye haiponake." Alipaka kisanamu pemba, udongo mweupe, akaimba polepole, kisha akakiweka mbele ya uso wa Sylvain. "Utamutoa mule. Umwambie yeye, si mi. Na usimudanganye, mwana. Mutu mukubwa anasameheaka. Mapasa, apana."

Sylvain aliviangalia vile vijicho vya mti.

"Nimekutoa, Léa," akasema.

Hakuwa amemtoa. Jumamosi kulikuwa na maonyesho ya kazi za wanafunzi katika ukumbi mmoja wa hoteli ya Karavia, na bwana mmoja wa Kinshasa, mwenye studio ya michezo, alikuwa anakuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kumpa kazi. Bila msichana wa mti, mchezo haukuwa na kitu. Nikichaguliwa, alijisemea Sylvain, nitamrudisha Deborah shule. Jumamosi jioni nitafuta.

Deborah alipata nafuu kidogo kwa sababu wanafunzi walikuwa wanatayarisha ukumbi na hakuna aliyecheza. Jumamosi asubuhi alimpigia kaka yake pasi shati.

"Ulifuta kweli, Yaya?"

"Nilifuta."

Ukumbi ulijaa. Jua la mchana liliingia kwa madirisha makubwa. Guelord alishika vidhibiti, bwana wa Kinshasa akasimama karibu, na kwenye ukuta, mkubwa kama mlango wa kanisa, ulionekana mdomo wa shimo. Mchimbaji akakimbia. Msichana wa mti akatokea, na gauni lake la kijani, na paji la uso limepakwa pemba.

"Hii pemba niliiweka lini?" Sylvain alinong'ona.

Guelord akabonyeza. Sepeto likashuka. Msichana hakuanguka wala hakulia, na hapo sauti zote za mchezo zikakatika ikabaki moja tu, tok, tok, tok, miguu ya mti ikitembea juu ya sakafu, ila haikutoka ukutani, ilitoka nyuma ya watu, mlangoni, ikapita katikati yao bila kumgusa mtu, na harufu ya mulombwa mbichi ikaja pamoja nayo hata bwana wa Kinshasa akatoa kitambaa akaziba pua, na Guelord akawa anabonyeza na kubonyeza akisema, "Haisikie, mukubwa, haisikie mukono yangu," wakati msichana ukutani anaifungua mikono yake ambayo mchongaji aliifunga tumboni, anaifungua polepole kama mtu aliyelala vibaya miaka mingi, anachukua sepeto mkononi mwa mchimbaji, mchimbaji mwenye sura ya Sylvain, na kabla ya kulishusha anageuza kichwa, anawaangalia watu wote mmoja mmoja mpaka anampata aliyekuwa anamtafuta.

Sepeto likashuka. Sylvain akaanguka katikati ya ukumbi, damu ikimtoka kichwani, na hakuna mtu aliyekuwa karibu naye.

"Umufukuze Léa, Mama!" Mama Wivine alimlilia Nkambo Julienne jioni ile, Sylvain akiwa ameletwa nyumbani.

"Kumufukuza wapi? Hapa ni kwabo. Ungelimwambia kweli, Sylvain, ningelimubembeleza. Sasa niimbe nini? Ulimudanganya uso kwa uso."

Sylvain aliufuta mchezo usiku ule ule, kompyuta yote akaifuta. Lakini Guelord alikuwa ameshawapa wenzake, wenzake wamewapa wadogo zao, na mchezo ukatembea simu kwa simu hadi masoko ya Kampemba. Na katika simu zote umegeuka. Sasa msichana ndiye mwenye sepeto. Anayezibia njia, anayepigwa, anayelia na kuinuka tena, ni mwanaume mwenye sura ya Sylvain.

"Bantu banaupenda zaidi vile," alisema Guelord alipokuja kumwona, halafu akaona kichwa kilivyofungwa vitambaa, na hakurudi tena.

Sylvain haendi tena masomoni. Anakaa kwenye kiti uani, amejikunja, anangoja. Hajui nani atacheza wala lini. Anapumzika tu umeme ukikatika mjini na simu za watu zikizimika, na ndiyo maana siku hizi yeye peke yake katika Kamalondo nzima anaomba giza.

Deborah amepona. Paji lake halina hata kovu. Ndiye anayemlisha kaka yake na kumwosha vidonda, kwa upole. Juzi, mama yao akiwa sokoni, alileta kiti akakaa mbele yake. Alikuwa na gauni la kijani, na simu mkononi.

"Guelord alinitumia," akasema.

"Deborah. Mudogo wangu. Futa."

"Kama vile ulifutaka weye?"

"Nilitaka nikurudishe shule."

"Ndiyo. Ulisemaka."

Ndani, juu ya kabati, kitu kikagonga mti mara moja: tok. Harufu ya mulombwa ikatoka mlangoni. Deborah aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeitwa na dada yake.

"Hii ya Léa," akasema, akabonyeza.

Sylvain akalia. Deborah alimngoja mpaka anyamaze. Akasogeza kiti karibu zaidi, akakunja ncha ya gauni lake, akamfuta damu iliyoshuka kwenye jicho, vizuri, taratibu. Kisha akaiinua tena simu.

"Hii ya Deborah."