Mafuta Kwenye Janti za Bibi-Arusi

Kofi la kwanza lilinikuta nikiwa na brosi mkononi.

Paaa!

"Ndoki! Ulipenda kuniulia mutoto!"

Kofi la pili hata sikuliona likija...

Aliyekuwa ananipiga na kuniita ndoki, mchawi, ni Tantine Philomène, shangazi wa bibi-arusi. Mchanga kichwani, kiatu mguu mmoja, wanja umemtiririka mpaka kidevuni. Nyuma yake, chini ya mtelemko wetu wa kwenda mto Tshopo, jeep nyeupe yenye riboni ilikuwa imezamisha pua kwenye lundo la mchanga wa kujengea.

Mlango wa nyuma uko wazi. Ndani ni robe nyeupe, gauni la ndoa. Ndani ya robe ni Lydie, bibi-arusi mwenyewe, ameshika mkono wake wa kushoto na analia kwa sauti.

"Minakanyaga frein, haisimame!" Papy, dereva, alikuwa anazunguka gari kama kuku aliyepoteza vifaranga. "Minakanyaga, haisimame!"

Mungu asifiwe kwa ule mchanga. Maana baada ya mchanga ni ukuta wa mtu, na baada ya ukuta ni maji.

Halafu watu wote wakanigeukia mimi.

Kwa nini mimi? Kwanza, ni mimi niliyeosha magurudumu ya ile jeep asubuhi ileile. Pili, bwana-arusi, Fiston, alikuwa mchumba wangu miaka mitatu mizima.

Sasa nyinyi mnaosoma, mngekuwa pale mngefikiria nini?

Msijibu haraka. Naitwa Falonne, na katika kisa hiki kuna kitu kimoja sijawahi kumwambia mtu. Nitakisema mwisho. Nisomeni mpaka chini kwanza, ndiyo mnihukumu.

Bon.

Mimi nafanya kazi kwenye lavage, yaani mahali pa kuosha magari, ya Tonton Assumani, hapa commune ya Tshopo. Wengine wanaosha bodi, wengine viti. Mimi ni janti tu, ile chuma inayobeba tairi. Wanaokwenda uwanja wa ndege wa Bangboka kupokea wageni wanapitia kwangu. Hata wakubwa wa kambi ya Kapalata wanatuma jeep zao na wanasema: "Janti ashike Falonne, mwingine asiguse."

Kwa sababu mimi na vumbi la frein tunajuana.

Frein, ao breki kama mnavyosema huko Dar, kila ukikanyaga inajisaga kidogo. Inatoa unga mweusi, wa moto, wenye chuma ndani. Unga unakaa kwenye janti. Ukiuacha, mvua mbili tatu zinatosha, unaanza kula rangi, na hapo hata ukilia hautoki.

Kwa hiyo unangoja gurudumu lipoe kabisa. Unamwaga maji kwanza, ili unga uondoke bila kukwaruza. Halafu sabuni na brosi laini, tundu moja moja. Unakausha. Mwisho unapaka cire, nta ya kung'arisha, kidogo na kitambaa, uso wa janti tu, ili vumbi la kesho lisishike.

Unapaka. Humimini!

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza Tonton Assumani alinifundisha, na alinifundisha kwa kunivuta sikio:

"Falonne, kitu yoyote ya mafuta isipite kwa tundu za janti. Nyuma ya tundu iko disiki. Disiki ikikunywa mafuta, frein haishike tena. Utazika mutu!"

Shida ya kazi hii ni moja. Ule unga unaingia chini ya kucha na hautoki. Mimi mikono yangu ni myeusi Jumatatu, ni myeusi na siku ya Pasaka.

Fiston alinipenda na hii hii mikono. Alikula fufu niliyosonga nayo, akalamba na vidole! Mpaka siku alipopata kazi ya ofisi.

"Falonne," aliniambia, "mikono yako inanuka garage. Bakubwa bangu bataniona namna gani?"

Hivyo tu. Miaka mitatu, sentensi moja. Miezi saba baadaye nikasikia ametoa dot, mahari, kwa kina Lydie.

Nililia? Nililia jamani, nisiwadanganye. Nililia mpaka Tonton akaninyang'anya kazi siku mbili, sababu nilikuwa naosha gurudumu moja mara nne.

Sasa asubuhi ya ndoa, saa kumi na mbili, nani anaingia lavage? Papy na jeep ya cortège, ule msafara wa ndoa. Kando yake, Tantine Philomène, amekumbatia sac, mkoba wake, kama mtu anayebeba mayai.

Aliponiona, akashtuka.

"Ni huyu ndiye atagusa motokari ya mutoto yangu?"

"Tantine, kwa janti hakuna mwingine," Papy akasema. "Na saa inaenda."

"Apana. Huyu apana!"

"Tantine, ona vile ziko nyeusi. Banapiga picha kwa kanisa!"

Picha. Hapo akakubali.

Nikaosha. Haki ya Mungu, niliosha vizuri, lakini siku ile mwili wangu ulikuwa haukai. Nikichuchumaa, nataka kusimama. Nikisimama, nataka kwenda. Niende wapi? Sijui. Nilikunywa maji mara tano na kiu haikuisha. Redio ya jirani ilikuwa inapiga nyimbo za ndoa, nikatamani kuirushia ndoo.

Gurudumu la nne nikamaliza. Nikaenda nyuma kuleta kitambaa kikavu. Halafu jeep ikaondoka, honi na riboni, kwenda kumchukua bibi-arusi nyumbani kwao.

Hapo, hapo kwenye kitambaa, mpawekee alama. Nitaparudia.

Baada ya hapo sikuweza kazi. Ililetwa taxi, nikaiangalia tu, brosi mkononi. Nikakaa. Nikasimama. Nikatoka mpaka barabarani kuangalia mtelemko, nikarudi. Nikatoka tena.

"Weye, una nini leo?" Tonton akauliza.

"Hakuna kitu, Tonton."

"Basi kaa chini, unanizungushia kichwa!"

Saa tatu na nusu tukasikia klaxon, honi za cortège, juu ya mtelemko, wanashuka kwenda kanisani. Jeep nyeupe mbele. Niliiona inapita mbele ya lavage kwa kasi isiyokuwa ya ndoa. Niliona uso wa Papy, mdomo wazi. Nikasikia Lydie anapiga kelele...

Halafu lile lundo la mchanga. Mengine mnayajua.

Polisi walifika haraka, maana wanasimama kwenye rond-point, mzunguko wa barabara, hapo karibu. Commandant akanishika mkono.

"Ni weye uliosha?"

"Ni mimi, lakini..."

"Ni weye bwana-arusi alikuacha?"

Lo! Hata polisi anajua! Kisangani bwana, ukiachwa saa nne, saa tano wanajua mpaka ng'ambo ya mto.

"Ni mimi," nikasema. "Lakini sikugusa frein!"

"Utaeleza kule. Kupenda kuua mutu siyo mambo ya siku mbili. Utazeekea ndani."

Nikaona gereza. Nikaona mama yangu anakuja na chakula kwenye mfuko, Jumapili kwa Jumapili, mpaka anazeeka na yeye.

Na hapo ndipo Fiston akafika, anakimbia toka kanisani, suti ya bluu, jasho mpaka kwenye tai. Akamkimbilia Lydie kwanza. Halafu akaja kwangu, machozi kwenye macho.

"Falonne... ulifanya hii juu yangu?"

Muone huyu mwanaume! Watu wameponea chupuchupu, yeye anaona ni kwa sababu yake!

Lakini niwaambie kweli, iliniuma kuliko yale makofi mawili. Miaka mitatu, na aliamini palepale. Hakuniuliza kama nilifanya, aliuliza tu sababu.

"Ndoki haongei!" Tantine akapiga kelele. "Bamupeleke!"

Tonton Assumani akapenya katikati ya watu.

"Falonne. Niangalie. Uliingiza mafuta kwa tundu?"

"Apana, Tonton."

"Kweli?"

"Kweli, Tonton. Mimi, mikono yangu, apana."

Akaniangalia sana. Halafu akamgeukia Commandant na akavua kofia.

"Mukubwa, pardon. Huyu mutoto anasoma janti sawa vile weye unasoma procès-verbal zako za polisi. Umupatie dakika moja aangalie. Hana pa kukimbilia."

Commandant akaangalia saa. "Moja tu."

Tukashuka mpaka kwenye jeep, nikamwita dereva kwanza.

"Papy, pédale ilishuka mpaka chini?"

"Apana! Ilikuwa nguvu! Ni motokari ndiyo ilikuwa inateleza. Toka tuache lavage ilikuwa inashika mubaya, nikasema ni maji ya kuosha. Kule juu tulikuwa polepole, klaxon tu..."

"Mumesikia?" nikawaambia watu. "Kama mtu alikata tuyau, bomba la frein, pédale ingeanguka mpaka chini. Hakuna aliyekata kitu."

Nikachuchumaa kwenye gurudumu la mbele.

Vumbi la frein ni kavu, sawa majivu. Lile halikuwa kavu. Lilikuwa uji mweusi, unang'aa, umeshuka kwa mistari kutoka kwenye kila tundu la janti. Gurudumu la pili vilevile. La tatu, la nne, vilevile. Na mistari inayoelekea yote upande mmoja hivyo inashuka gari ikiwa imesimama. Mtu alimimina kwa utulivu wake, moja, mbili, tatu, nne.

Nikachovya kidole. Nikanusa.

Zeituni. Na marashi.

"Mukubwa, mimi natumia sabuni na cire," nikasema. "Haya siyo ya lavage. Unuse."

Commandant akanusa, akakunja uso. Mama mmoja muuza ndizi akashika kidole changu, akanusa na yeye, akaruka nyuma.

"Yesu! Mafuta ya maombi!"

Mji huu kila mtu anaijua harufu ile. Chupa ndogo, wanaombea kanisani, unapaka mlangoni, unapaka watoto kwenye paji la uso kabla ya mtihani.

Wengine wakasogea kunusa. Na Lydie, pale kwenye mchanga, akaita:

"Tantine..."

"Nyamaza, mama, unaumwa."

"Tantine, asubuhi ulinibusu, ukaniambia umeshamufunga adui yangu. Ulimufunga na nini?"

Tantine Philomène akakumbatia sac yake. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Halafu akapasuka:

"Ningefanya nini? Mwanamuke wenye kuachwa ndiye anashika motokari ya mutoto yangu! Nani anajua aliacha nini mule? Nilimimina kwa tundu zote, mpaka ndani, mpaka chupa ikaisha! Ilikuwa kukuchunga, Lydie! Kukuchunga weye!"

Tonton akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama... kwa disiki? Chupa muzima kwa disiki?"

Commandant akaniachia mkono. Tantine akakaa chini palepale barabarani, na ule mguu wake usio na kiatu, akaanza kulia. Nilitaka kufurahi. Sikuweza, sijui kwa nini... Hapana. Najua kwa nini.

Lydie alivunjika mkono. Ndoa ilifanyika mwezi uliofuata, bibi-arusi na plâtre, bandeji ngumu, mkononi. Fiston alikuja lavage kuomba pardon, nikamwambia apishe, ananizibia mwanga. Tantine alinitumia pagne, kitenge kizuri sana, na hakuja mwenyewe.

Lydie alikuja mwenyewe. Kwa miguu. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaninyooshea mkono wake mzima, akashika hivi vidole vyangu vyeusi.

"Ya Falonne, dada yangu, weye ulikuwa na sababu zote za kunichukia. Batu bote baliniambia nikuogope. Kumbe ni weye mwenye mikono safi."

Nikajifanya sabuni imeniingia jichoni.

Sasa turudi kwenye kile kitambaa.

Niliporudi nacho asubuhi ile, jeep ilikuwa haijaondoka. Tantine Philomène alikuwa ameinama kwenye gurudumu la nne, chupa mkononi, midomo inaomba. Nilimwona. Niliona mafuta yanang'aa kwenye tundu. Mimi, Falonne, ambaye sikio langu lilivutwa juu ya sheria hiyo!

Nikafungua mdomo.

Halafu nikakumbuka "mikono yako inanuka garage".

Nikajiambia: mafuta yanakamata vumbi. Wakifika kanisani janti zitakuwa nyeusi ti, picha zao zitaharibika. Acha ziharibike. Nikafunga mdomo, nikakunja kitambaa changu.

Nilifikiria picha. Sikufikiria mtelemko. Lakini zile saa zote nilizokuwa nakaa na kusimama, nakwenda barabarani na kurudi... mwili wangu ulikuwa unafikiria. Ningeweza kumtuma mtu na pikipiki. Ningeweza kumpigia Papy, namba yake ninayo. Sikupiga.

Ndugu zangu, Tantine alidhani ana adui, akammwagia mafuta mtoto wake mwenyewe kwenye frein. Hilo ni somo, mlichukue. Lakini langu ni hili: ukiona hatari, sema, hata kama aliye ndani ya gari alikuumiza. Hasira yako itapoa. Mtu aliyekufa harudi ukamwomba pardon.

Lydie, najua unasoma ukurasa huu, huwa unaniachia mioyo. Leo usiache kitu.

Kesho niko lavage toka saa kumi na mbili. Kama utakuja kunipiga kofi la tatu, njoo. Hili nitasimama nilipokee.