Chaki ya Kiwiko cha Kulia

Saa sita mchana duka la fotokopi lililo mkabala na stendi halina adabu hata kidogo. Watu wanasukumana, mashine zinanguruma, na feni moja kubwa inapuliza upande inaoutaka yenyewe. Siku hiyo feni iliichagua bahasha ya mfamasia mmoja aliyekuwa wa nne kwenye foleni, dada mrefu mwenye gauni la bluu, koti jeupe la kazini mkononi. Bahasha ilifunguka, na barua zaidi ya ishirini zikaruka juu ya vichwa vya watu.

Aliyezidaka nyingi alikuwa kijana wa shati la mistari, aliyekuja kununua karatasi za picha tu. Alirudisha zote, akabaki na picha moja ya zamani: mwanamume mwembamba mwenye koti jeusi mbele ya ubao, anacheka, pembe mbili za picha zimeliwa na maji.

"Huyu mzee anamcheka nani?" aliuliza.

"Ningejua ningekuambia. Ni baba yangu. Naomba picha yangu, kaka."

"Imeshapata ukungu. Mimi ni fundi picha, studio yangu iko ghorofa ya pili hapo juu. Naweza kukutengenezea."

"Kila anayedondosha picha unamtangazia biashara?"

"Hapana. Wengine huwa nawaacha waende zao."

Mfamasia alijikuta anatabasamu, na hilo lilimkera kidogo.

Baba yake alikuwa Mwalimu Mkuu wa shule moja katika mji mdogo, safari ya saa sita kwa basi. Alikuwa amefariki miezi saba iliyopita. Sasa maktaba ya shule ilikuwa inapewa jina lake, na wanafunzi wake wa zamani walimwomba binti aandike kitabu kidogo cha maisha yake, kisha asimame siku hiyo aseme neno. Wakamtumia barua. Mmoja alibebwa mgongoni na Mwalimu Mkuu siku ya mafuriko. Mwingine alikamatwa na barua ya mapenzi darasani, akarudishiwa kesho yake imesahihishwa kwa wino mwekundu.

Binti alizisoma zote kwa wivu. Yeye alipelekwa kwa shangazi yake mjini kusoma akiwa na miaka minane, na tangu hapo akawa anamwona baba wakati wa likizo tu. Kila mtu alikuwa na baba mzima wa kusimulia isipokuwa yeye mwenyewe mtoto, na ndiye aliyetakiwa kusimama mbele yao.

Basi ikawa kila saa kumi na moja jioni anapanda ngazi za studio. Wanavua viatu, wanatandaza barua sakafuni mwaka kwa mwaka, jua linapita kwenye pazia la rangi ya chungwa na kuwapaka wote wawili. Walizungumza kwa sauti ndogo, ingawa hakukuwa na mtu wa kumwamsha. Siku nyingine barua zilisahaulika, wakakaa tu wameegemea ukuta, bega kwa bega, chai ikipoa. Ukiwauliza mapenzi yalianza lini, hakuna hata mmoja atakayekupa tarehe.

"Umekula?" fundi alimpigia mchana mmoja.

"Nina wagonjwa hapa dirishani."

"Hata mimi naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Sijakuona tangu jana."

"Hiyo hatuna dawa yake, mpenzi. Kunywa maji mengi upumzike."

Alikata simu, akampa mteja wa mbele dawa ya mteja wa nyuma, ikabidi aombe radhi.

Wiki mbili kabla ya sherehe alimwachia ile picha. "Isafishe kabisa," alisema. "Iwe ya mbele ya kitabu."

Fundi aliifanyia kazi siku tatu. Alifundishwa na babu yake kutengeneza picha kwa mkono, na kwa mtu aliyempenda hakutaka njia ya mkato. Aliziba pembe, kisha akachovya brashi nyembamba kwenye wino na kufunika madoa meupe yaliyotapakaa kwenye koti, moja baada ya jingine. Aliifanyia kazi picha yenyewe bila kutoa nakala kwanza. Alijiamini, na hapo ndipo alipoharibu.

Mfamasia aliitazama muda mrefu karibu na dirisha.

"Chaki iko wapi?"

"Chaki gani?"

"Kwenye kiwiko cha kulia. Koti la baba lilikuwa na chaki."

Fundi alisogea kuitazama picha. "Nilidhani ni ukungu. Ulisema niisafishe kabisa."

Angenyamaza tu ingekuwa afadhali.

"Kila likizo alinipokea stendi akanikumbatia na koti lile lile, nywele zangu zinabaki nyeupe," alisema binti. "Mengine yote nimeyasoma kwenye barua za watu. Hiyo chaki ndiyo niliyokuwa nayo mimi. Umemfua baba yangu mpaka simjui."

"Mpenzi, nisikilize."

"Usinipigie."

Akavaa viatu akashuka ngazi, na zile jioni zikaisha.

Fundi alipiga hata hivyo, mara kumi na moja, bila kupokelewa. Alfajiri ya siku ya nne akafunga studio na kupanda basi la kwenda mji wa Mwalimu Mkuu, akitafuta picha nyingine ya Mwalimu Mkuu mwenye chaki. Alibisha hodi kwa walioandika zile barua: kwa kinyozi, kwa fundi magari, kwa katibu wa shule. Picha zilikuwepo tele, na katika zote koti linang'aa. Kumbe mzee akisikia mpiga picha anakuja alikuwa anajipangusa kwanza. Ile moja walimvizia.

Wa mwisho alikuwa muuguzi wa zahanati, mama wa makamo mwenye miwani. Alisikiliza mkasa wote, akavua miwani yake.

"Picha hiyo hutaipata," alisema. "Lakini hiyo chaki ilitokana na nini, mnajua?"

Simu ya mezani ya famasi ililia saa nane.

"Famasi, habari za mchana?"

"Usikate. Picha sijapata. Kuna mtu hapa naomba umsikilize, kisha ukitaka ukate."

Sauti ya muuguzi ikaingia. "Mwanangu, mimi hesabu zilinishinda. Siku moja niliitwa ubaoni, nikaandika saba mara nane ni arubaini na nane. Nikasikia darasa linavuta pumzi ya kucheka. Dasta ilikuwa mezani, hatua nne. Baba yako hakuifuata. Alifuta jibu langu kwa kiwiko, haraka, akageukia darasa akasema, haya, tunaanza upya wote. Alikuwa anafanya hivyo kwa kila mtoto. Sisi tulioshindwa ndio tuliolichafua lile koti."

Mfamasia alisimama kati ya rafu, simu sikioni. Wateja wawili walisubiri. Aliwaonea huruma watoto wale, akajiona na yeye amepakwa chaki yao miaka yote hiyo, akampenda baba yake upya.

"Mpe simu huyo fundi," alisema mwishowe. Kisha, "Umekula?"

"Bado."

"Kula. Halafu urudi nyumbani, Jumamosi tunasafiri wote."

Jumamosi alisimama mbele ya maktaba na gauni la zambarau, karatasi ya hotuba imekunjwa mkononi, hakuifungua. Alisimulia kisa cha kiwiko tu. Watu wazima wenye vitambi na vyeo walianza kuangalia chini, mmoja mmoja, kila mtu na hesabu yake.

Mama yake alikuwa mstari wa mbele. "Miaka thelathini na moja nimegombana na mume wangu kwa lile koti," alimwambia fundi aliyeketi kando yake. "Hakunieleza hata siku moja. Na wewe ndiye uliyeweza kulitakatisha?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Mimi lilinishinda," alisema mama, na mabega yake yakaanza kutikisika, usijue analia au anacheka.

Binti aliporudi kukaa, fundi aliinama sikioni kwake. "Nataka kuja tena hapa na wazazi wangu."

"Kufanya nini?"

"Kukuomba."

Binti alimshika mkono, akaukaza, macho yake kwa mama.

"Nimesikia," alisema mama bila kugeuka. "Waje. Na kijana, siku hiyo tutapiga picha. Usiiguse."