Malai ya Mzee Maige

Maige alikutwa amelala kifudifudi nyumbani kwa mke mdogo, Paskazia, mtaa wa Nyahanga, povu mdomoni, bakuli la ugali pembeni. Majirani walishahukumu kabla polisi hawajafika: Paskazia kamuua mzee wa watu ili arithi mwalo wake wa kuchenjulia dhahabu.

Inspekta Eufrasia alimweka mahabusu, ila moyo wake ulikataa kutulia.

"Ulimpa nini?"

"Ugali na malai, afande. Niliyaengua juu ya kibuyu cha maziwa. Maziwa ya chini nikanywa mimi."

"Hukudhurika?"

"Kichwa kiliniuma tu."

Muuaji gani anakunywa kwenye kibuyu alichokitia sumu? Inspekta akayapeleka mabaki ya maziwa maabara, kwa mkemia Chacha.

Chacha aliyatikisa pamoja na kiyeyushi kisichochanganyika na maji, akayaacha yatulie. Matabaka mawili yakajitenga. Alipoyapima, sumu ilikuwa kwenye kiyeyushi. Kwenye maji, karibu hamna kitu.

"Ni dawa ya kupulizia pamba," alisema. "Hukimbilia mafuta. Kibuyuni nako ilitiwa kwenye maziwa yote, ikapanda juu na malai."

Pale nyumbani mwenye shamba la pamba alikuwa mmoja: mke mkubwa, jina lake Sikujua, wengi wakimwita Mama Luka. Inspekta akamfuata.

"Shikamoo, Mama Luka."

"Marahaba."

"Mumeo kauawa na sumu iliyotiwa kwenye maziwa ya Paskazia."

"Si kweli. Maige hanywi maziwa, yanamvuruga tumbo. Anayekunywa ni yule peke yake."

"Maziwa hakunywa, mama. Alikula malai."

Mama Luka akaketi chini, pale pale mlangoni. Wivu jamani ni ugonjwa, na ulikuwa umemla mama huyu mpaka mifupa.

"Tangu amlete yule binti, chakula changu kinarudi kilivyo," alisema taratibu. "Naivisha, napakua, nasubiri. Yeye anacheka huko ng'ambo ya ua. Nikasema bora afe, mume wangu arudi mezani kwangu. Dawa nilimtilia yeye, afande. Si Maige."

"Hukujua kwamba anamwekea malai?"

"Ugali kwa malai nilimzoesha mimi. Nani kamfundisha yule?"

Inspekta alitoa pingu.

"Aliyamaliza?" Mama Luka aliuliza.

"Aliyamaliza. Bakuli lilikuwa limelambwa."

"Hata kwangu alikuwa analamba," akasema, akanyoosha mikono.